Babu anapomsalimu mbuzi

Nikiwa kidato cha tatu, shule yetu iliigiza Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na ikachapishwa mwaka 1969, akiwa Rais. Kila mwanafunzi alitaka kuwa Shylock au Portia. Mimi nikapewa Launcelot Gobbo, mtumishi wa Shylock. Nilinuna wiki nzima.

Mwalimu alinituliza: wadogo hao ndio wanaochekesha watu. Kweli. Launcelot anakutana njiani na baba yake, mzee Gobbo, ambaye macho yamefifia hata hamtambui mwanawe. Badala ya kumwamkia, anajifanya mtu baki na kumwambia kijana wake amefariki. Baadaye ndipo anajitambulisha na kuomba baraka. Mzee anampapasa kichwa, anadhani nywele ni ndevu.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Baba yangu alikuwepo. Alikuja kwa basi na kikapu cha michembe cha kumpa mwalimu wangu, kama mzee Gobbo alivyombebea njiwa bwana wa mwanawe. Alicheka hadi akafuta machozi.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani, kijiji kisicho mbali na Bariadi mjini, bila kutoa taarifa. Baba alikuwa amekaa chini ya mwembe.

"Mwadila," alinisalimu kwa heshima ya mgeni. "Karibu. Unamtafuta nani?"

Nikadhani ananitania. Nami nikabadili sauti: "Namtafuta mzee mwenye mtoto mwandishi wa habari. Nasikia amehamia mjini, harudi tena."

Akanyamaza kidogo. "Huyo ni mwanangu. Umemwona lini? Ni mzima?"

"Baba, ni mimi."

Akacheka, akanyoosha mkono kunishika. Mkono ukapita pembeni ya bega langu. Hapo kicheko changu kikakatika.

Jioni mama alinieleza. Msimu uliopita baba alishindwa kuchambua takataka kwenye pamba. Fedha zake alihesabiwa na mjukuu. Mwenyewe akisema ni uzee tu. Wajukuu nao walikuwa na mchezo wao: kusimama kimya mbele yake, wasubiri ataje jina lisilo lao. Siku moja alimsalimu mbuzi, na nyumba nzima ilicheka. Baba alicheka zaidi ya wote, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeshtuka.

Mimi naandika habari za afya. Nimeshaandika zaidi ya mara moja kuhusu mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza duniani kwa kusababisha upofu. Lenzi ya ndani ya jicho huingia ukungu polepole, bila maumivu. Hakuna dawa ya matone inayouondoa, na miwani haitoshi ukungu ukizidi. Tiba ni upasuaji mfupi: lenzi iliyochakaa inatolewa, ya bandia inawekwa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Yote hayo niliyajua, na bado nilimfanyia baba yangu mchezo wa Launcelot.

Alifanyiwa upasuaji wa jicho moja. Bandeji ilipotolewa alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Umekonda. Mjini hamli?"

Nimeirudia tamthilia ile. Mzee Gobbo anatokea katika onyesho moja tu, kisha hatumwoni tena. Wanamcheka, anatoa zawadi yake, lakini hakuna anayemuuliza macho yameanza lini kumsumbua.

Mzazi unayesoma haya, ukienda kuwasalimu wazee, usiishie kuuliza kama wanaona vizuri. Watajibu wanaona. Mwombe mzee afunike jicho moja, akutajie nani anapita njiani, kisha afunike la pili. Asipotambua, mpelekeni kwa mtaalamu wa macho. Na wanao wakija mbio kukwambia babu amemsalimu mbuzi, cheka nao kidogo, kisha waulize imeanza lini.