Picha Ukutani Yaweza Kuponya Moyo



Je, nyumbani kwako kuna ukuta mtupu? Na moyoni mwako, je, kuna jambo ambalo hujapata kumwambia mtu yeyote? Leo nataka kukuonyesha jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kukutana. Usidhani nakuletea habari za watu wa mjini wenye rangi za mikebe. Nitakueleza habari za udongo, mkaa na bluu ya kufulia nguo, vitu ambavyo labda vimo nyumbani mwako sasa hivi.

Mimi ni katekista wa kigango kimoja huku Igalula, mashariki ya Tabora, penye stesheni ya Reli ya Kati. Zamani, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, nchi hii ilipitwa na njia kuu ya misafara. Babu zetu Wanyamwezi walichukua pembe za ndovu mabegani, wakapita Kigwa na Tura, wakashuka hata Bagamoyo. Wengine walirudi na nguo na shanga. Wengine hawakurudi kabisa. Kwa hiyo wazee wa huku waliijua sana kazi ya kukaa na kuitazama njia. Lakini mimi, zamu yangu ya kuitazama ilipofika, niliipa kisogo.

Nilikuwa na mwana, kifungua mimba wangu. Mwaka mmoja, tulipokwisha kuuza tumbaku, tuligombana kwa ajili ya fedha. Nilimwambia neno ambalo baba hapaswi kumwambia mtoto, kwamba asikanyage tena uani pangu. Usiku ule ule akapanda treni kwenda pwani. Mara mbili alinitumia salamu kwa watu, na mara mbili sikumjibu. Nilisema moyoni, “Aje mwenyewe apige magoti.” Mwaka wa sita zikaja habari kwamba amefariki kwa homa, nao wamekwisha kumzika huko huko.

Nilikwenda kuungama. Padre akaniondolea dhambi kwa jina la Mungu, nami nasadiki kabisa ya kuwa nilisamehewa. Hata hivyo usingizi haukurudi. Mchana nilifundisha katekisimu, usiku nilihesabu mapau ya paa. Mke wangu alinipikia uji, ukapoa mbele yangu. Wala sikuzungumza naye juu ya mtoto wetu, ingawa yeye ndiye aliyemzaa.

Basi, mvua za mwaka mmoja zikaupiga ukuta wa kanisa letu, udongo ukabanduka nyuma ya altare. Akina mama wakaukandika upya, ukawa laini kama chungu kipya. Baba Paroko alipokuja kusoma Misa akautazama, kisha akaniambia, “Mwalimu, nasikia ulipokuwa shuleni ulichora vizuri. Tuchoree hapa mfano wa mwana mpotevu, maana Kwaresima inakaribia.” Sikuweza kumkatalia. Naye hakujua ni kitu gani alichoniomba.

Mfano huo tunausoma katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 15, wala hauonekani katika Injili nyingine yoyote. Tena Luka huyo, Mtume Paulo anapowaandikia Wakolosai, anamtaja kuwa tabibu. Na mapokeo ya zamani ya Wakristo yasema kwamba alikuwa mchoraji pia, hata akachora sura ya Bikira Maria. Ndiyo sababu waganga na wachoraji wote wawili humwita msimamizi wao, na sikukuu yake ni tarehe 18 Oktoba. Nikamwomba Mtakatifu Luka anisaidie, nikaanza.

Nilichukua udongo mwekundu wa kichuguu, na udongo mweupe, nikaponda mkaa upate kuwa rangi nyeusi. Utomvu wa mninga ulinipa rangi ya damu. Bluu ya kufulia ikawa mbingu. Nilichanganya rangi zangu na kiini cha yai zipate kushika, na burashi zangu zilikuwa vijiti nilivyovitafuna ncha kama mswaki.

Nikachora njia yetu na miembe yake. Nikamchora kijana na kifurushi chake, miguu mitupu, mbavu zinahesabika. Nikachora ndama, pete na viatu. Watoto wa mafundisho walifurahi sana. Mwisho nikamchora baba, amesimama mlangoni pa nyumba yake. Lakini uso wake ukanishinda. Kila nilipouchora, niliufuta. Wiki tatu zikapita, baba yule hana uso.

Jumamosi moja akaja mjane mmoja mzee kufagia kanisa. Akaegemea ufagio wake, akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, “Mwalimu, huyu baba anamlinda nani hapo mlangoni?”

Nikamjibu, “Mama, anamngojea mwanawe.”

Akasema, “Mikono ameikunja kifuani, kama askari wa bomani. Injili uliyotusomea wewe mwenyewe yasema alimwona mwanawe angali mbali, akaenda mbio.”

Akaendelea kufagia. Mimi nikabaki nimesimama. Kumbe ilikuwa kweli! Mikono ile niliikunja mimi, wala sikujua. Nilidhani namchora baba wa Injili, kumbe nimejichora mwenyewe.

Siku ile ile nikachukua panga, nikamkwangua baba yule, nikakandika mahali pake udongo mbichi. Ulipokauka nilitaka kumchora akikimbia, lakini sikujua goti la mzee linakunjwaje anapokimbia. Nikatoka nje, nikakusanya kanzu yangu mkononi, nikakimbia pale uwanjani nipate kuona. Watoto wakacheka mpaka wakaanguka chini. Nilikimbia mara ya kwanza, nikakimbia mara ya pili. Mara ya tatu nilikuwa nimeelekea upande wa reli, nami nikajiona nakimbia kweli, mikono imenyoshwa mbele, na hapakuwa na mtu njiani. Hapo nikalia. Watoto wakanyamaza. Nililia kilio ambacho sikukilia siku zile za matanga.

Jioni nikamweleza mke wangu mambo yote. Naye akanieleza yake, maana alikuwa nayo mengi, tukalia pamoja. Kesho yake uso wa baba ukapatikana, wala haukunipa taabu tena.

Msomaji mpenzi, usiniulize kama uchungu umekwisha. Haukwisha. Kovu lipo, lakini kovu si kidonda. Usingizi umerudi, na jina la mwanangu linatajwa tena nyumbani mwetu. Na Jumapili moja baada ya Misa, baba mmoja wa kijiji hiki alibaki peke yake mbele ya picha ile. Hakusema neno. Wiki iliyofuata alinijia usiku, akaniomba nimtafutie namba ya simu ya binti yake aliyemfukuza.

Labda utasema, “Hayo ni mambo ya Igalula tu.” Hapana. Huko Isenheim, katika jimbo la Alsace, Ufaransa, palikuwa na monasteri ya watawa wa Mtakatifu Antoni waliowatunza wagonjwa. Watu wa nchi zile walishikwa na ugonjwa wa kutisha ulioitwa Moto wa Mtakatifu Antoni. Ulitokana na ukungu unaoota katika nafaka, nao uliwaunguza viungo hata vikaoza. Kati ya miaka 1512 na 1516 mchoraji Matthias Grünewald aliwachorea picha kubwa ya altare. Alimchora Yezu msalabani, mwili wake wote una vidonda, kama miili yao. Wagonjwa walipomtazama walitambua kwamba Bwana anayajua maumivu yao. Watawa waliwapa dawa pia, lakini picha iliwapa kitu kisichopatikana katika dawa. Picha hiyo ipo hata leo, katika mji wa Colmar.

Na karibu nasi zaidi, huko Murang’a nchini Kenya, lilijengwa kanisa la Waanglikana la kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Wakati ule jirani alimwogopa jirani, na ndugu walikuwa wametengana. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyezaliwa mwaka 1932, ndiye aliyechora ukutani picha tano kubwa za maisha ya Yezu, toka kuzaliwa hata kusulibiwa. Alimchora Yezu kuwa Mwafrika, katika vilima na mashamba ya nchi ile ile iliyomwagikiwa damu. Hakuichukua Betlehemu mbali akaiweka huko mbali. Aliileta mahali palipokuwa na kidonda. Na kila picha yenye kuponya hufanya hivyo.

Nadhani sasa unaelewa ni jambo gani linaloponya. Si rangi, wala si ufundi wa mkono. Ni kutazama. Maumivu tunayakimbia, lakini mwenye kuchora hawezi kukimbia, maana lazima atazame goti, atazame mkono, atazame uso, tena polepole. Na akitazama hivyo mbele ya Mungu, kutazama kwenyewe kunakuwa sala.

Ukitaka kujaribu, shika mashauri haya matatu.

Kwanza, chora unachokijua. Usiige picha ya kalenda. Kama Bikira Maria wako amefunga khanga na kutwanga mahindi, yeye hatakasirika.

Pili, usiifanye picha kuwa hirizi. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima tunayoitoa kwa picha humwendea yule aliyechorwa. Picha haifukuzi homa. Mtoto akiwa mgonjwa, mpeleke hospitali. Na ukiwa na dhambi, nenda kaungame. Picha haishiki nafasi ya sakramenti, lakini yaweza kuufungua mlango ulioufunga wewe mwenyewe kwa ndani.

Tatu, mwache mwingine aitazame kazi yako, naye aseme. Kama si yule mjane na ufagio wake, mimi ningalikuwa bado nimesimama mlangoni, mikono kifuani.

Udongo wa Igalula si haba, hata wa kwenu si haba. Mungu mwenyewe alipomwumba mtu alitumia udongo. Wewe nawe utie maji kidogo, ukae mbele ya ukuta wako, uombe, uanze. Na kama una mtoto aliye mbali, usingoje mpaka picha ikauke. Kusanya kanzu yako mkononi, ukimbie leo, angali yuko njiani.

Ni mimi, katekista wenu,
Igalula