Taa isiyo na skrubu



Taa tunayotaka kuwaeleza habari zake ingali kabatini mwa ukumbi wa parokia, imepasuka upande mmoja. Wengine wenu mliichangia. Umeme wa mtaa wetu hapa Kolwezi ulikuwa ukikatika jioni baada ya jioni, nasi tulichoka kuwafundisha wakatekumeni kwa mishumaa. Ndipo kundi la vijana likakusanya franga, tukanunua taa mbili za nishati ya jua. Kwa misimu miwili ya mvua ziliangaza vizuri kabisa. Kisha ya kwanza ikaanza kuzimika kabla ya sala ya mwisho, na hatimaye ikakataa kuwaka.

Kijana mmoja wa kundi, aliyekuwa akijifunza ufundi wa simu sokoni, aliomba aitazame. Tukampa. Kesho yake aliirudisha ikiwa imepasuka, na waya mmoja umeng'oka. Sisi tuliosomea ualimu, tuliofundishwa kwamba mwanafunzi hakemewi mbele ya wenzake, tulimkemea mbele ya wenzake. Tulimwambia kwamba mchango wa maskini si kitu cha kujifunzia kazi. Hakujibu neno. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye.

Mwaka haukuisha, taa ya pili ikashikwa na ugonjwa uleule. Safari hii tuliipeleka nyumbani, tukakaa mezani na bisibisi, tukiwa na hakika kwamba subira ya mtu mzima itafaulu pale haraka ya kijana iliposhindwa. Tuliigeuza pande zote tukitafuta skrubu. Hapakuwa na hata moja. Vipande viwili vya plastiki vilikuwa vimeshikamanishwa kwa gundi tangu kiwandani. Tulijaribu kisu, kisha kisu kilichopashwa moto, na taa ikapasuka mahali palepale ilipopasuka ya kwanza. Ndani tulikuta betri ndogo, unene wake haupiti kidole gumba, nyaya zimelehemiwa juu yake moja kwa moja. Hiyo tu ndiyo iliyokuwa imechoka. Paneli ilikuwa nzima, na vitaa vyake vyote vizima. Kile ambacho kila fundi anajua tangu mwanzo kwamba kitachoka kabla ya vingine, ndicho kilichofungiwa mahali ambapo mkono haufiki.

Marehemu baba yetu alikuwa na taa ya pampu, Petromax, ambayo wazee wenu wataikumbuka kwa mvumo wake. Hatutaki kuisifu kupita kiasi: ilikunywa mafuta, ilitoa joto kali, na utambi wake wa kitambaa ulivunjika kwa kuguswa tu. Lakini utambi ulibadilishwa kwa dakika chache. Tundu la mafuta lilipoziba, lilizibuliwa kwa sindano. Na kile kipande cha ngozi ndani ya pampu kilipokauka, baba alikata kingine katika ulimi wa kiatu kikuukuu, akakilowesha mafuta, kazi ikaendelea. Aliyeibuni taa ile alikubali kwamba baadhi ya viungo vyake vitakufa, akaacha njia ya kuvifikia.

Wapo waliofikiri kinyume chake, na historia inawajua. Mwezi wa Desemba 1924, makampuni makubwa ya balbu, miongoni mwao Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, yalipatana huko Geneva na kuunda umoja ulioitwa Phoebus. Pamoja na kugawana masoko, yalikubaliana kwamba balbu ya nyumbani iishi saa 1,000, ingawa balbu nyingi za wakati huo ziliweza kufika saa 1,500 na hata 2,000. Balbu zilipelekwa maabara kupimwa, na kampuni ambayo balbu zake zilidumu kupita mpaka uliowekwa ilitozwa faini. Tafakarini jambo hilo: faini kwa sababu ya kazi iliyodumu! Wenyewe walijitetea kwamba balbu ya maisha marefu hutoa mwanga hafifu kwa umeme uleule, na upo ukweli hapo. Lakini ukweli wa namna hiyo angeelezwa mnunuzi, akachagua mwenyewe.

Hatudai kwamba waliotengeneza taa yetu walikaa kupanga hila. Yamkini gundi iligharimu kidogo kuliko skrubu nne, ikaharakisha kazi, ikazuia na maji ya mvua. Hiyo ya mvua inatufaa hata sisi, ila mpira mwembamba na skrubu vingeizuia vilevile. Kinachotusumbua ni kwamba maisha ya kifaa yanaamuliwa juu ya meza ya mchoraji, mbali sana, na wala mnunuzi wala fundi wa sokoni hayupo kuulizwa. Baadaye, kifaa kinapokufa, ni fundi anayeonekana mjinga.

Nasi watu wa Lualaba tuna sababu yetu ya pekee. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa yake katika ardhi hii. Huingia katika betri za simu. Baadhi yenu mna kaka au baba mashimoni. Betri ikichoka, ni haki ibadilishwe. Lakini simu nzima ikitupwa pamoja nayo, shaba yake, bati lake na dhahabu yake huenda jalalani, na mahali fulani mtu hushuka tena shimoni kuvitafuta. Mzee mmoja wa shirika letu la msingi alituuliza kama vifaa vikidumu, wachimbaji watakula nini. Swali lake si la kudharauliwa, na jibu tulilompa siku ile halikumridhisha.

Katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alikemea utamaduni wa kutupa. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria mwaka 2023: kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vingi vidogo vinavyouzwa huko sharti mtumiaji aweze kuzitoa na kuzibadilisha mwenyewe. Sheria hiyo ni ya soko lao. Katika soko letu, sisi tunageuza kila kifaa chini juu kabla ya kulipa, tukitafuta skrubu, na wenye maduka wamekwisha kutuzoea, wengine kwa kununa.

Tulimfuata yule kijana kwenye meza yake sokoni, tukamwekea mbele taa ya pili, tukamweleza kwamba tumeipasua kama yeye, na kwamba tulimkosea. Aliitazama kitambo. «Mwalimu,» akasema, «niliutafuta mlango wake, sikuuona.» Akaondoa betri, akaweka nyingine, akaifunga taa kwa ukanda aliokata katika mpira wa baiskeli ili siku nyingine ifunguke bila kisu. Alitutoza bei kamili, nasi tukalipa.

Sasa taa hiyo inaangaza darasa la wakatekumeni, imefungwa kiunoni kwa mpira mweusi. Kundini bado hajarudi. Ile ya kwanza tumeiacha kabatini, na tumempelekea habari kwamba ni yake, akitaka ya kujifunzia kazi.