Pumzi Niliyoituliza

Mzee yule aliletwa kituoni kwetu Mtwara kutoka Msimbati saa mbili usiku, zamu ikiwa yangu, wamepakiana mshikaki kwenye bodaboda, mwanawe akimshikilia kwa nyuma. Mkewe alifika na bodaboda ya pili. "Mwanangu," aliniambia, "kifua kinambana tangu alfajiri. Tulidhani ni gesi."

Jasho lilikuwa linamtiririka, mikono ya baridi, presha 80 kwa 50. Alikuwa akihema kwa kasi na kwa kina, mara 36 kwa dakika. Nikayasikiliza mapafu: safi pande zote. Nilipaswa kujiuliza hapo hapo, mtu mwenye mapafu safi anahema hivi kwa nini? Sikujiuliza. Nikasema ni hofu, nikamchoma diazepamu miligramu 10.

Pumzi zikashuka hadi 14. Nikafurahi. Nikaandika kwenye faili: mgonjwa ametulia.

Alifariki kabla ya adhana ya alfajiri. Mama yule akanishika mkono: "Ahsante mwanangu, angalau ulimpumzisha." Nami nikaipokea shukrani ile.

Kosa langu nililitambua miezi baadaye, nikiwa mafunzoni. Moyo ulioshambuliwa ukishindwa kusukuma damu, viungo hukosa oksijeni, vikaanza kutumia sukari bila hewa, na asidi ya laktiki ikajaa kwenye damu. Damu haivumilii mabadiliko makubwa: pH yake ya kawaida ni 7.35 hadi 7.45. Ikishuka, ubongo huyahimiza mapafu yatoe kaboni dayoksaidi kwa wingi, maana gesi hiyo nayo huongeza asidi. Figo pia husaidia, ila kazi yao huchukua siku. Mzee hakuwa na siku. Kuhema kule ndiko kulikokuwa kunampigania, nami nikakuzima kwa sindano, asidi ikaulemea moyo ambao tayari umeumia.

Ni kweli hatukuwa na mashine ya kupima gesi za damu. Ni kweli Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na kwamba shambulio la moyo linaloshusha presha kiasi kile huua wengi hata penye kila kifaa. Lakini mikono ile ya baridi niliishika mwenyewe, na pumzi zile nilizihesabu mwenyewe.

Msimbati nimekwenda mara mbili tangu siku hiyo. Nyumba ya mama yule naijua. Sijapiga hodi.