JINA KAPUNI: DADA WA BONGO ANAYETAFSIRI MWENDO WA WATU KWENDA KIJAPANI

Wadau, leo ni dada mmoja, yuko Japani mwaka wa sita. Hauzi sura wala hana skendo. Anatafsiri maandishi ya madaktari kuhusu kutembea na viungo vinavyojikunja, toka Kiingereza kwenda Kijapani.

Usidhani ni kugeuza neno kwa neno. Kiingereza kina neno la mguu mzima na lingine la kuanzia kifundo kushuka chini. Kijapani yote yanatamkwa "ashi", ila herufi tofauti: 脚 ni mguu mzima, 足 ni ile sehemu ya chini. Na sisi si tunasema "mguu" tu kwa vyote? Sasa mgonjwa kaambiwa anyanyue ashi. Anyanyue paja au akunje kifundo? Herufi ikikosewa, mtu wa watu anafanyia zoezi kiungo kisichoumwa.

Halafu kuna utamu. Ukitembea, kila mguu unakaa chini kama asilimia 60 ya muda, asilimia 40 uko hewani. Huo wa hewani kwa Kiingereza unabembea. Kwa Kijapani unaandikwa kwa herufi ya kucheza. Mguu unaocheza, jamani!

Ila kuna pa kuumiza. Mtu ambaye wayo wake unaning'inia hunyanyua goti juu ili vidole visikwaruze chini. Wajapani wanauita "keiho", mwendo wa kuku, na ni neno la kitabibu kabisa. Wakati huohuo "bikko", neno lao la mtaani kwa anayechechemea, siku hizi ni tusi. Dada anaandika "hakou", linalotumika hospitali.

Hapo nikamkumbuka mama yangu mdogo. Tangu apate kiharusi anatembea hivyohivyo, na watoto wa mtaani wanamwita kiguru. Karatasi zake za kliniki zote Kiingereza, na hakuna aliyewahi kukaa naye akamfafanulia. Nikampigia picha dada, akanijibu kwa voisi ya dakika tatu: misuli ya mbele ya muundi haipati amri vizuri toka kwenye ubongo, ndo maana wayo haunyanyuki. Nikamsikilizisha mama mdogo. Akarudia kusikiliza mara mbili, akasema, "Kumbe siyo uvivu wangu."

Mjapani ana mtu wa kumtafsiria. Sisi je? Na kwenu mwendo huo mnauitaje bila kumdhalilisha mtu? Shusheni komenti.