Nyumba Kuukuu ya Tunda

Tukiuacha mto Lualaba pale Kindu na kushika njia ya Tunda, twatambua jambo moja: udongo uko miguuni petu, bali saruji na mabati hutoka mbali, na kila safari huviongezea bei. Mwenye nyumba kuukuu na fedha haba aanzie wapi? Aanzie juu: paa livujalo huua ukuta wa matofali mabichi. Kisha achimbe mfereji, maji ya mvua yasituame msingini. Nyufa azizibe kwa udongo, mchanga na majani makavu. Lipu ya saruji hufungia unyevu ndani, mwishowe hubanduka. Rangi ije baadaye. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kuziba ufa kwataka jasho. Kujenga upya hula karo ya watoto.