Boti mbili, watoto watatu

Ukisema unakaa Songea watu wanadhani wewe ni wa mahindi na milima tu. Kumbe ziwa tunalo! Unatoka mjini alfajiri, unapita Mbinga kwenye kahawa na yale mashamba ya ngoro ya Wamatengo, unateremka milima mpaka masikio yanaziba, halafu Ziwa Nyasa hilo hapo, bluu tupu. Siku hizi lami inafika mpaka Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, kama kilomita 170 hivi.

Tulikwenda likizo ya Juni, mimi, baba watoto na wanetu watatu. Tuliwaahidi kuwapeleka kwenye kisiwa kidogo cha mawe, wakaone vile visamaki vya rangi rangi ambavyo Wazungu huvifuga kwenye matangi ya vioo sebuleni.

Ufukweni tukakuta boti mbili za mbao. Utadhani mapacha: urefu sawa, rangi ileile, mashine moja nyuma, na bei haipishani. Baba watoto, ambaye nampenda lakini kwa ubishi hana mpinzani, akaichagua yenye turubai na muziki. Mwenyewe akatukaribisha: "Ingieni tu shemeji, hata ishirini inabeba." Nikauliza maboya. "Ziwa limetulia, ya nini?"

Moyo ukanilipuka paa! Ziwa hili lina kina cha karibu mita 700 kwenye sehemu yake ndefu kwenda chini. Na nani amesahau MV Bukoba ya mwaka 1996 au MV Nyerere ya mwaka 2018 kule Ziwa Victoria? Zote mbili zilijaza watu kupita kiasi.

Nikamfuata nahodha wa boti ya pili, mzee mkimya. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mimi nachukua watu kumi, basi." Akafungua sanduku: maboya, hata ya saizi ya watoto, makasia mawili na ndoo ya kutolea maji. "Tuondoke sasa hivi, saa sita tuwe tumerudi. Mwera ukiamka, sitoki."

Mwera ndio upepo wa kusini, na majira yake ndiyo hayo.

Baba watoto akanuna. Alishapatana bei, sasa mke anampindua mbele za watu! Nikamvuta pembeni, watoto wasisikie. "Baba, sikukatai wewe. Naikataa boti."

Akanyamaza. Kisha akaenda mwenyewe kumwomba radhi yule kijana.

Kisiwani watoto walipiga kelele kwa kila samaki waliyemwona. Tukiwa njiani kurudi, mwera ukaamka mapema. Boti ikapanda, ikashuka, maji yakaturukia usoni. Hakuna aliyeongea. Nikamwona baba watoto akikaza upya kamba za boya la kitindamimba wetu, halafu akanishika mkono mpaka tulipogusa mchanga.

Jioni tukila samaki akasema, "Ila ile nyingine ilikuwa na muziki." Tukacheka mpaka machozi.

Kwa hiyo msomaji, ukikuta boti mbili zinafanana, achana na rangi. Uliza inachukua watu wangapi, omba kuona boya la mtoto wako mdogo, na muulize nahodha siku gani hukataa kutoka. Asiyeikumbuka hata moja, mwache na muziki wake.