Lupango ya Mvuvi Kando ya Tshangalele

Msafiri atokaye Lubumbashi kwenda Likasi hupita Kapolowe, na huko husikia habari za ziwa Tshangalele kabla ya kuliona, kwa harufu ya samaki wakavu. Ziwa hili si la kale. Lilitokea mto Lufira ulipozuiwa kwa ukuta mkubwa wa Mwadingusha, uliomalizika mwaka 1930, ili maporomoko ya maji yatoe umeme kwa migodi na viwanda vya shaba vya Union Minière. Maji yakaenea juu ya nchi tambarare. Ndiyo sababu kina chake ni kidogo na kingo zake zimejaa matete.

Tulifika huko mwezi wa Septemba. Baridi ya Juni na Julai ilikuwa imekwisha, na miti ya porini ilikwisha kutoa majani mapya mekundu, ingawa tone la mvua lilikuwa halijaanguka. Siku hizo nyumba ya mabati haikaliki mchana, na watu wote huishi uani. Watu wa Katanga husema lupango, maana yake kiwanja pamoja na nyumba na yote yaliyomo. Humo hupika, hufua, husuka nywele, hutengeneza nyavu, na jioni hupokea wageni.

Mwenyeji wetu, mvuvi mwenye watoto sita, alikuwa ameazimu kuipanga upya lupango yake kabla ya mvua. Kazi ya kwanza ilikuwa kichuguu. Mgeni wa Katanga hushangaa aonapo vichuguu vya huko, maana vingine hupita mita 5 kwenda juu, na miti huota juu yake. Hicho cha mvuvi kilikuwa kirefu kuliko nyumba yake. Yeye na wanawe walikipiga sururu kwa muda wa majuma matatu. Sehemu moja ya udongo ilifyatuliwa matofali. Sehemu nyingine waliichanganya na samadi ya mbuzi, wakafanya matuta yaliyoinuka, yamezungukwa na matofali mabovu.

Tulimwuliza kwa nini asilime chini kama jirani zake. Akatuonyesha upande wa Likasi, akasema, “Mwalimu, maji yetu yanatoka kule.”

Maneno hayo ni ya kweli. Mito Panda na Buluo hupita penye viwanda vya Likasi, na kwa miaka mingi imechukua mabaki ya shaba na kobalti hata kuyafikisha ziwani. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitangaza kwamba wamepima mkojo wa watu wa kusini mwa Katanga, wakakuta kobalti nyingi mno kwa wakaao karibu na migodi na viwanda, na hasa kwa watoto. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ukaonyesha njia ambazo madini hayo huingia mwilini: mboga zilimwazo papo hapo, samaki, na, kwa watoto zaidi, vumbi.

Udongo wa vichuguu vya nchi hiyo mara nyingi una chokaa kuliko udongo wa kando yake. Chokaa hupunguza uchachu wa udongo, na hivyo madini hushikwa, yasipande upesi katika mizizi. Hayaondoki, hushikwa tu. Wala kila kichuguu si chema, kwa kuwa mchwa huchimba chini sana, na kikiwa juu ya mwamba wa shaba, wataleta shaba juu. Ndiyo maana watafutao madini huvichunguza. Mvuvi wetu aliyajua hayo kwa mwanawe asomaye Lubumbashi. Lengalenga, ambayo majani yake hukusanya madini upesi, aliipanda katika tuta nene kuliko yote, na mboga zote huoshwa mara mbili kwa maji ya kisima.

Lakini vita kubwa ilikuwa juu ya ufagio. Mama yake mvuvi, ambaye wote humwita Nkambo, huamka kabla ya jua kufagia lupango nzima mpaka udongo ung’ae, pasionekane hata jani moja. Ua mtupu ndio heshima ya mwanamke, na nyoka hana pa kujificha. Mwanawe alitaka kupanda majani mafupi mahali pote watoto wachezapo. Nkambo akauliza, “Watu watasema nini? Kwamba nimekufa?”

Nasi tuliona haya, kwa maana ni miaka mingapi tumewapanga wanafunzi mistari alfajiri, wafagie kiwanja cha shule katika wingu la vumbi, tukiita kazi hiyo usafi? Hatukusema neno. Walipatana wenyewe: majani yapandwe upande wa watoto, njia na mbele ya mlango pabaki patupu, ila Nkambo anyunyize maji kwanza, ndipo afagie.

Jioni tulikaa chini ya mwembe tukaletewa munkoyo, kinywaji cha Nkambo. Mizizi yake hutoka porini. Huipondaponda mpaka iwe nyuzi. Hupika uji mwepesi wa mahindi, huacha upoe kiasi, ndipo hutia mizizi, kwani uji ukiwa moto sana mizizi hupotewa na nguvu. Nguvu hiyo hugeuza wanga wa mahindi kuwa sukari. Uji mzito huwa kama maji, nao huwa mtamu bila sukari ya duka. Huondoa nyuzi, hufunika chombo, na kesho yake kinywaji kina uchachu kidogo. Kikikaa siku zaidi huanza kulevya, na hapo watoto hawapewi.

Binti mkubwa alikuwa na ufundi wake. Alichemsha mchaichai na tangawizi, akapoza katika mtungi, akakamua ndimu, akatumwagia sehemu moja katika munkoyo wetu pamoja na majani ya nanaa. Nkambo alionja, akanyamaza, akaonja tena.

“Nanaa umeitoa wapi?” akauliza.

“Kwenye tuta, Nkambo.”

“Umeiosha?”

Binti akasema ameiosha mara mbili. Nkambo akanyosha kikombe chake.